Imethibitishwa na Nani?

Kwenye rafu ya duka la vipodozi pale Kariakoo, kopo moja la mafuta ya ngozi linaweza kubeba maneno matano ya sifa kabla macho ya mnunuzi hayajafika kwenye jina la kiwanda: "proven", "tested", "certified", "approved", "original". Maelezo ya namna ya kupaka yanaweza kuwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu, lakini sifa hizo hubaki kwa Kiingereza. Neno la kigeni lina heshima ya koti na tai. Kopo likivishwa, nalo linaonekana limesoma.

Maneno hayo yametapakaa. Yamo kwenye mihuri ya mawakili, mifuko ya mbegu, vipeperushi vya vyuo, maboksi ya simu, kurasa za mitandao ya kijamii na CV za vijana wanaotafuta kazi. Wasomaji wengi huyachukulia kama watoto wa tumbo moja: ukimwita mmoja wameitika wote. Kumbe kila moja linaahidi jambo lake, na mengine hayaahidi kitu. Asiyezijua tofauti zake anaweza kupoteza msimu mzima wa mahindi, ada ya chuo ya mwaka, au usaili alioungoja kwa miezi.

Dawa ya kwanza ni kulirudisha neno kwenye kitenzi cha Kiswahili. "Proven" ni iliyothibitishwa. "Verified" ni iliyohakikiwa, "approved" ni iliyoidhinishwa, "tested" ni iliyopimwa au iliyojaribiwa. Neno likishavaa umbo la kutendwa, sikio la Mswahili linaanza kusubiri "na". Imethibitishwa na nani? Imeidhinishwa na mamlaka gani? Imepimwa na maabara ipi? Kiingereza kinaruhusu sifa hizi zitembee peke yake mbele ya jina la kitu, mtendaji akiwa amejificha nyuma ya pazia, na msomaji haoni pengo lolote. Akizigeuza kwa Kiswahili, pengo linaonekana papo hapo.

Hata hivyo Kiswahili nacho kina uchochoro wake, na waandishi wa matangazo wanaujua. Ni ile "ik" ya "imethibitika". Mtoto akisema "kikombe kimevunjika", mama anaelewa kuna mkono unaofichwa. Vivyo hivyo "imethibitika kuwa mafuta haya huondoa madoa": hakuna aliyethibitisha, hivyo hakuna wa kuulizwa.

"Tested" lisimchukulie mtu muda mwingi. Linasema jaribio lilifanyika, halisemi lilitoa nini. Kijana aliyekaa kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne naye amepimwa; daraja alilopata ni habari nyingine. Kwa hiyo kopo linapojitapa kuwa "dermatologically tested", lililoahidiwa ni kwamba mafuta yalijaribiwa kwenye ngozi kwa namna fulani. Kama yalifaulu, kwa watu wangapi, kwa siku ngapi, kopo limenyamaza.

"Proven" lina uzito zaidi, na historia yake inasaidia kulielewa. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaribu. Wafua deraya wa Ulaya walikuwa wakiipiga risasi deraya mpya kabla ya kuiuza, na kibonyeo kilichobaki kwenye chuma kilikuwa ndicho cheti: mnunuzi alikiona na kukigusa kwa kidole. Huko ndiko lilikotoka neno "bulletproof". Mjini Birmingham, Uingereza, ipo nyumba ya kujaribia mitutu ya bunduki iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813, na hadi leo bado inafanya kazi hiyo. Kila mtutu unaofaulu hugongwa alama.

Kwa bahati mbaya kipande "proof" kimeenea hadi mahali ambapo hakuna aliyepiga risasi yoyote. Simu huuzwa kama "waterproof" na muuzaji mwenyewe, huku karatasi ya ndani ya boksi ikisema "water-resistant", yaani inayohimili maji kwa kiasi. Kiasi chenyewe kimeandikwa kwa tarakimu. IP67, kwa mfano, maana yake vumbi haliingii, na simu inaweza kuzama kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hakuna palipotajwa bahari, sabuni wala mvuke wa jikoni. Mnunuzi aliyezoea kuogelea Coco Beach na simu mfukoni afuate tarakimu, neno aliache kwa muuzaji.

Uskochi ndiko umbo "proven" lilikolelewa, kwa sababu mahakama za huko zilikuwa na hukumu tatu: ana hatia, hana hatia, na "not proven", yaani haijathibitishwa. Mwaka 1857 msichana wa familia tajiri ya Glasgow, Madeleine Smith, alishtakiwa kwa kumuua mpenzi wake kwa sumu ya aseniki. Hukumu ya tatu ilimwacha huru kwa shtaka hilo, na watu hawajaacha kubishana juu yake. Bunge la Uskochi lilipitisha sheria ya kuifuta hukumu hiyo mwaka 2025. Kwa mwandishi wa Kiingereza, urithi uliobaki ni wa sarufi: kwa mtindo wa Uingereza, kitenzi huwa "proved" na sifa huwa "proven". Kesi "has been proved", lakini njia ni "a proven method". Marekani mambo yamelegea, na "has been proven" huandikwa kila siku.

Katika hisabati ndiko neno hili hupata maana yake kali kuliko kote, na hata huko halijithibitishi lenyewe. Mwezi Juni 1993, mwanahisabati Andrew Wiles alitangaza mjini Cambridge kwamba ameithibitisha kauli iliyoachwa na mwanahisabati mwenzake, Fermat, tangu mwaka 1637. Dunia ikashangilia. Kisha waliopewa kazi ya kuisoma hoja yake mstari kwa mstari wakakuta ufa. Wiles, akisaidiwa na Richard Taylor, aliuziba ufa huo Septemba 1994, na kazi ikachapishwa mwaka uliofuata. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, basi, jambo lililokuwa limetangazwa kuwa limethibitishwa lilikuwa bado.

Biashara haina subira hiyo. Nchini Marekani, kampuni ya Dannon iliuza mtindi wake wa Activia kwa matangazo yaliyosema umethibitishwa kisayansi kusaidia tumbo kwenda vizuri, na kikombe kimoja kwa siku kilitajwa kuwa kinatosha. Desemba 2010 kampuni ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Shirikisho, na ikalipa dola milioni 21 kwa majimbo 39 yaliyokuwa yakiifuatilia. Sharti mojawapo la makubaliano ndilo linalofundisha zaidi: tangazo lisitoe dai hilo la tumbo bila kueleza kwamba mtu anatakiwa kula vikombe vitatu kwa siku, isipokuwa kampuni iwe na tafiti madhubuti kuonyesha kwamba kiasi kidogo zaidi kinafanya kazi. Tafiti zilikuwepo. Kilichopungua kati ya maabara na tangazo ni vikombe viwili.

Kwa hiyo baada ya "na nani?" linakuja swali la pili: kilichothibitishwa ni kipi hasa? New Zealand inatoa mfano mtamu wa swali hili. Mwaka 2004, wanafunzi wawili wa kike wenye umri wa miaka 14 waliamua kupima vitamini C kwenye vinywaji vya matunda kama jaribio la sayansi shuleni. Ribena, kinywaji kinachojulikana hata kwenye friji za maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, kilikuwa kikitangazwa kwa maelezo kwamba matunda ya "blackcurrant" yanayotumika kukitengeneza yana vitamini C mara nne ya machungwa. Kinywaji cha pakiti, walichokipima wasichana hao, kilikutwa na vitamini C kidogo mno. Machi 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri makosa 15 mahakamani Auckland na kutozwa faini ya dola 217,500 za New Zealand. Sifa ya tunda ilikuwa imepandishwa kwenye kinywaji, na kwa miaka mingi hakuna mtu mzima aliyeuliza kama ilifika salama.

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Mwaka 2011, foleni ya magari ya kilomita nyingi ilielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walioenda walirudi na ushuhuda. Kiingereza kinatofautisha kati ya "testimonial", ambao ni ushuhuda wa mtu juu ya alichokihisi, na "clinically proven", maneno yanayodai kwamba waliokunywa walilinganishwa na wasiokunywa na tofauti ikaonekana. Mtu aliyejisikia nafuu hasemi uongo. Ila ushuhuda wake, hata ukizidishwa mara elfu kumi, haubadiliki kuwa ulinganisho, na tangazo lolote la dawa za kienyeji au virutubisho linaloweka picha za waliopona chini ya neno "proven" limechanganya vitu viwili.

Virutubisho vinastahili neno zaidi, kwa kuwa vingi huuzwa nyumba kwa nyumba na watu wanaofahamika, shangazi, jirani, mwalimu wa kwaya, na pakiti zake hupenda jina la FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Hapo pana ngazi tatu ambazo muuzaji hazitenganishi. "FDA registered" ni kiwanda kuandikwa kwenye orodha. Mamlaka hiyo haitoi hata cheti kwa kuandikishwa huko. "FDA cleared" hutumika kwa vifaa tiba vilivyoonekana kufanana vya kutosha na vingine ambavyo tayari vipo sokoni kihalali. "FDA approved" ndiyo ngazi ya juu, ambapo ushahidi wa usalama na ufanisi umechambuliwa kabla ya kuuzwa. Virutubisho havipitii kibali hicho kabla ya kuingia sokoni. Hivyo pakiti ya kirutubisho iliyoandikwa "FDA approved" imejitangazia uongo wake yenyewe, na mnunuzi hahitaji kwenda maabara. Nchini Tanzania wa kuulizwa kuhusu dawa na vifaa tiba ni TMDA, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Sasa vyeti, ambako maneno mawili yamewaliza wengi: "certified" na "verified".

Mtu anapoambiwa alete "certified copy", huenda kwa wakili au hakimu na kopi na karatasi ya asili. Wakili anazitazama zote mbili, anagonga muhuri na kuweka saini. Alichothibitisha ni kimoja tu: kopi hii inafanana na karatasi niliyoletewa. Hajapiga simu Baraza la Mitihani, hajafungua rejista ya vizazi. Karatasi ya asili ikiwa imetengenezwa kwenye kibanda cha stesheneri, kopi yenye muhuri ni nakala ya kweli ya kitu cha uongo, na wakili hajakosea popote.

"Verified" ni kazi nyingine. Ni kuichukua karatasi hadi kwenye chanzo chake na kuuliza kama chanzo kinaitambua. Tofauti hiyo ilijulikana Tanzania nzima tarehe 28 Aprili 2017, pale Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokata rufaa, lakini wengi walikuwa wamefanya kazi kwa miaka, majalada yao yakiwa yamejaa karatasi zenye mihuri. Kilichowafichua ni kulinganishwa kwa vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani.

Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hukutana na tofauti hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Bodi ya Mikopo inapotaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kopi yenye muhuri wa wakili haitoshi, kwa sababu RITA ndiyo yenye rejista ya vizazi. Kila mwaka wapo wanaoligundua hilo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Ushauri ni wa kawaida kabisa: tangazo likisema "verified", mwombaji atafute mwenye rejista, likisema "certified", atafute mwenye muhuri, likisema yote mawili, aanze na uhakiki kwa sababu ndio unaochelewa.

Vyuo vina jozi yao: "registered" na "accredited". La kwanza ni usajili. La pili Waswahili wamelipatia jina zuri, ithibati, na maana yake ni kwamba mamlaka imekagua walimu, mitaala na vifaa na kuridhika. Chuo kinaweza kuwa na usajili bila kuwa na ithibati, na chuo chenye ithibati kinaweza kufundisha kozi moja ambayo haijakubaliwa. Mzazi mwenye kipeperushi mkononi asiishie kwenye jina la chuo. Aitafute kozi yenyewe kwenye orodha za TCU kwa vyuo vikuu au NACTVET kwa vyuo vya kati, na kama ni Kenya, kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Mkulima naye ana ngazi zake, na huyu akikosea hana rufaa. "Certified seed" ni mbegu iliyokaguliwa ikiwa bado shambani na kisha kupimwa maabara, pamoja na mambo mengine kwa usafi wake na uwezo wa kuota. Tanzania kazi hiyo ni ya TOSCI, Kenya ni ya KEPHIS. Ipo pia daraja ya chini yake, mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima wenyewe kwa ukaguzi mwepesi zaidi na kuuzwa eneo la karibu. Hizo si mbegu feki. Ni mbegu zenye ahadi ndogo, na bei yake inapaswa kufuata ahadi hiyo. Kinachomponza mkulima ni maneno mengine yanayosimama jirani: "improved", "hybrid", "premium". Hayo yanaeleza aina au sifa ya kujisifu, hayana mkaguzi. Mtu akifungua mfuko bila kuitazama lebo ya mkaguzi, amenunua picha ya gunzi. Kenya mfuko una sehemu ya kukwangua yenye namba, na namba hiyo ikitumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, KEPHIS hujibu.

Simu za mkononi zilitoa somo kama hilo kwa kishindo. Neno la mtaani ni "orijino", na muuzaji hulitamka akiwa ameshika boksi kwa mikono miwili kama anayekabidhi mtoto. Kenya ilizima simu bandia zipatazo milioni 1.9 ilipoingia Oktoba 2012. Tanzania ikafuata tarehe 16 Juni 2016. Kujua ya mkononi ni ya namna gani hakuhitaji kumuuliza muuzaji tena. Kupiga *#06# huleta namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na Tanzania namba hiyo ikitumwa kwenda 15090, jibu hutaja aina na toleo la simu. Jibu likitaja simu moja na mkono ukiwa umeshika nyingine, mazungumzo ya "orijino" yameisha.

Kwa Kiingereza sanifu, "original", "genuine" na "authentic" hazilingani. "Original" ni ya kwanza, ambayo nyingine zimenakiliwa kwayo. "Authentic" ni kitu kilichotoka kweli kwa yule anayesemekana kukitengeneza, mchoro wa Tingatinga uliochorwa na Edward Tingatinga mwenyewe, kwa mfano, na siyo na mwanafunzi wa wanafunzi wake. "Genuine" ni kitu kuwa kile kinachoitwa, basi. Mkanda ulioandikwa "genuine leather" ni wa ngozi ya kweli, lakini ngozi ya kweli ina madaraja mengi na maandishi hayo hukutwa sana kwenye madaraja ya bei nafuu.

Masonara ndio waliotatua tatizo hili mapema kuliko wengine. Mwaka 1300, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, sheria ya Uingereza iliagiza vyombo vya fedha vipimwe na kugongwa alama ya kichwa cha chui. Kuanzia mwaka 1478 mafundi wa London walipeleka kazi zao kwenye ukumbi wa chama chao zikagongwe huko. Ukumbi ni "hall", alama ni "mark", na hivyo likazaliwa "hallmark", ambalo sasa hutumika kwa sifa yoyote bainifu. Anayenunua bangili Zanzibar, Mombasa au Muscat hahitaji historia hiyo, ila ajue tarakimu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Bi harusi anayesoma namba ndani ya pete ana habari nyingi kuliko aliyeambiwa "pure gold".

Halafu ikaja tiki ya bluu. Twitter ilianza kutoa alama ya "verified" mwaka 2009, baada ya kocha wa besiboli, Tony La Russa, kuishtaki kwa akaunti iliyojifanya yeye. Kwa miaka 13 tiki ilimaanisha mtandao umejiridhisha kwamba mwenye akaunti ndiye. Novemba 2022, chini ya Elon Musk, ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Ndani ya siku chache akaunti yenye tiki na jina la kampuni ya dawa ya Eli Lilly ikatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ikalazimika kuomba radhi kwa ujumbe ambao haikuuandika, na siku iliyofuata bei ya hisa zake ikashuka kwa zaidi ya asilimia 4. Tiki ilikuwa ileile, rangi ileile. Aliyekuwa nyuma ya kitenzi ndiye aliyekuwa ameondoka.

Watafiti na wanafunzi wa chuo wanaoandika tasnifu hukwama kwenye jozi ya "reliable" na "valid". Mizani ya bucha inayaeleza vizuri kuliko vitabu. Mizani inayozidisha gramu 100 kila nyama inapowekwa, asubuhi na jioni, wiki nzima, ni "reliable": haigeukigeuki. Lakini vipimo vyake si "valid", kwa sababu uzito unaosomwa sio uzito wa nyama. Dodoso linalotoa majibu yaleyale kila mara linaweza kuwa na ugonjwa wa mizani hiyo. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huipima mizani kwa mawe yenye uzito unaojulikana kabla ya kubandika stika, na mnunuzi wa nyama ana haki ya kuitafuta stika hiyo na mwaka wake.

Wanaoandika Kiingereza wenyewe wana mitego mingine. "Veritable" linafanana na "verified" lakini halithibitishi kitu. Ni neno la kutia chumvi, kama mtu kusema uwanja ulikuwa "bahari ya watu". "Authoritative" ni chanzo chenye mamlaka ya kitaalamu, na anayeteleza akaandika "authoritarian" amemgeuza profesa wake kuwa dikteta. "Credible" ni wa kuaminika. "Credulous" ni mwepesi wa kuamini, yule anayenunua kopo la mafuta kwa sababu ya maneno matano. "Certified" mbele ya kazi ya mtu ni cheo kinacholindwa: mwenye shahada ya uhasibu hawi "certified public accountant" mpaka bodi ya taaluma, kama NBAA kwa Tanzania, imtambue hivyo.

Kwenye CV maneno haya hufa kwa kutumiwa sana. "Proven track record" limeandikwa mara nyingi kiasi kwamba msomaji wa maombi halioni tena, na "reliable and trustworthy" ni mtu kujitolea ushahidi kwenye kesi yake mwenyewe. Afadhali mwombaji aifute sifa na kuweka tukio lililoizaa: alisimamia stoo ya maduka mawili kwa miaka mitatu, hesabu ikakaguliwa kila mwisho wa mwaka na mkaguzi wa nje, na hakukuwa na upungufu. Sentensi hiyo haina hata neno moja la kujisifu, lakini ina mtendaji, muda na shahidi. Ikiwa lazima sifa ibaki, ihamie kwenye barua ya mdhamini, kwa kuwa huko kuna "na": ameitwa mwaminifu na mtu aliyemkabidhi funguo.

Lipo moja la mwisho ambalo wanafunzi wanaoomba viza hulikuta kwenye barua za vyuo vyao: "bona fide student". Ni Kilatini, "kwa nia njema", huandikwa maneno mawili, na kwa matumizi ya ofisini maana yake ni mwanafunzi wa kweli, halali. Kiswahili kina neno "sahihi" linalobeba mambo mawili kwa pamoja, kilicho kweli na saini ya mkono, na barua ya namna hii huonyesha kwa nini. Mwanafunzi anayeipokea kutoka kwa msajili asiikunje haraka. Atazame chini ya neno hilo zuri kama kuna jina kamili la aliyetia saini, cheo chake, tarehe, na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa, maana ofisa wa ubalozi akiwa na shaka, ataipiga hiyo.